Kijiti changu hakikupanda moyoni

Hapa Wete, Pemba, ukishazaa tu, kila mtu anakuwa daktari wako. Baada ya mtoto wangu wa pili nilitaka uzazi wa mpango, nikashauriwa na majirani, na mashoga, na hata muuza samaki. Walilolishikilia zaidi ni hili: "Unanyonyesha wewe, mimba utaitoa wapi?" Ziwa linazuia kweli, lakini kwa masharti yake yote matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na hapewi kitu isipokuwa ziwa, usiku na mchana. Wangu alikwishaonjeshwa uji na bibi yake zamani. Lingenikinga na nini hilo ziwa?

Na mimi hofu yangu ilikuwa na sababu. Watoto wangu hawa wawili wamepishana mwaka na kitu tu, na ujauzito wa pili ulinimaliza. Nilipimwa wingi wa damu nikaambiwa ni 8, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nikichota ndoo moja ya maji, lazima nikae. Kliniki wanasema mama apumzike angalau miaka 2 baada ya kuzaa ndipo abebe nyengine, basi nikasema hiyo miaka 2 yangu siigawi kwa mtu.

Nikaanza na vidonge vya kuzuia mimba, vile vya wanaonyonyesha. Vinataka saa ile ile kila siku, na nilivyopewa mimi ukichelewa zaidi ya masaa 3 ushaharibu. Simu yangu betri bovu, umeme nao una mambo yake. Nikatumia akili: adhana ya magharibi. Kwetu jua halitangitangi sana mwaka mzima, kwa hiyo muadhini akianza tu, mimi mkono uko chini ya godoro. Wallahi nilijiona mjanja Pemba nzima.

Ukaja msimu wa karafuu. Nyumba ikajaa wachumaji, mawifi wakalala chumbani kwangu, na mimi pakiti nikaihamishia kwenye kikapu cha nguo. Binti yangu akaiona. Akafungua duka ukumbini: kavitoboa vyote, kavipanga juu ya mkeka, na kokoto ndiyo pesa. Nilipofika, mteja wa kwanza alikuwa tetea wa mama mkwe, naye alikuwa anadonoa bila kulipa. Yule kuku akakaa muda hatagi, mama mkwe akashika kuwa kuna mtu kamtia jicho. Mimi huyo, nachambua karafuu zangu, kimya.

Nikaamua kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono. Hapo ndipo niliposikia mengi: kinatembea mpaka moyoni, kinakausha kizazi, fulani kimepotelea mwilini. Nesi wa kituo cha afya alicheka, akanipima mimba kwanza, akapiga ganzi mkononi kwa ndani juu ya kiwiko, na kabla sijamaliza kusoma dua kishaingia. Akanishika kidole, "Kiguse mwenyewe." Kipo pale pale chini ya ngozi, kama uzi wa fagio. Changu ni cha miaka 3. Dawa yenyewe ni bure, nilitoa nauli na hela ya chai tu.

Baba Nadhra, mume wangu, alikuwa na wasiwasi wa dini, na mama yake ndiye aliyeutia. Sikubishana. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, si Qur'an inasema mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili? Nikibeba mwezi ujao, huyu atanyonya kwa nani?" Suratul Baqara aya ya 233 anaijua kuliko mimi. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, mwanangu, lakini usimwambie mtu."

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni matone. Miezi ya mwanzo hedhi ilikuwa haina mpango: leo tone, kesho hakuna, keshokutwa tena. Shoga zangu wote, "Kitoe!" Nesi akasema kwa wengi huwa hivyo na hutulia, nirudi ikiwa nyingi au nikiumwa. Kilichonikera hasa ni sala na funga. Ukhti wa madrasa ndiye aliyenifundisha hukumu za istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi: siku zangu za kawaida nizihesabu hedhi, zinazozidi nijisafishe, nitie udhu kila sala inapoingia, niendelee. Kama unataka kijiti, muulize ukhti wako kabla, usingoje Ramadhani.

Upungufu wa damu nao niliushughulikia. Vidonge vya madini ya chuma vinafanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Usimezee chai, wala chai isifuate nyuma yake, maana inazuia chuma kisiingie mwilini. Mimi nilimeza na maji ya ndimu, chai nikaisogeza mbele saa moja na zaidi, na kwa Mpemba hiyo ni jihadi. Dagaa, mchicha, maini yakipatikana. Nikapimwa kichocho na kupewa dawa ya minyoo, kwani minyoo ya safura inanyonya damu, nasi shamba tunakwenda pekupeku.

Kijiti nimekitoa mwaka huu, na haukupita hata mwezi wa Mfungo Tatu nikashika mimba. Kipimo cha kwanza cha kliniki damu ilikuwa 12. Wifi yangu naye sasa anacho kijiti, ila vidonge vyake vya madini ya chuma bado anamezea chai ya maziwa, na nimeshachoka kumwambia.