Chumvi kwa mvulana, maziwa kwa msichana: mlo huu unafanya nini hasa mwilini

Masharti ya mlo huu wa kuchagua jinsia ya mtoto kabla ya mimba ni mafupi, ndiyo maana yamesambaa. Anayetaka mvulana huambiwa ale kwa wingi vyakula vya chumvi na vyenye potasiamu: nyama, samaki wa chumvi, viazi, ndizi, maharage. Aache maziwa, jibini, mtindi na karanga. Anayetaka msichana hugeuziwa kila kitu: maziwa na mtindi kila siku, jibini isiyo na chumvi, mayai, lozi, mara nyingi na vidonge vya kalsiamu na magnesiamu juu yake. Chumvi inaondolewa jikoni pamoja na viazi, ndizi, maharage na mboga nyingi za majani. Anayekula hivyo ni mwanamke peke yake. Muda unaotajwa ni kati ya majuma tisa na miezi mitatu kabla ya kushika mimba, na kipimo kikionyesha mimba, mlo unakoma siku hiyohiyo.

Wazo lenyewe halikuzuka hewani. Mwanabiolojia Mjerumani Curt Herbst alimchunguza mnyoo wa baharini aitwaye Bonellia viridis. Kiluwiluwi cha mnyoo huyu kikitua juu ya jike hukua kuwa dume, kikitua sakafuni mwa bahari kwa kawaida hukua kuwa jike. Herbst aliona kwamba ukibadilisha madini yaliyo ndani ya maji, unaweza kubadilisha hatima ya kiluwiluwi. Miongo kadhaa baadaye, watafiti Joseph Stolkowski na mwenzake Lorrain wakalipeleka wazo la madini kwa binadamu, na mwaka 1980 walichapisha matokeo wakidai kwamba wanandoa wapatao 80 katika kila 100 walipata mtoto waliyemtaka.

Tatizo ni kwamba kwa mnyoo yule mazingira ndiyo yanayokata shauri. Kwa binadamu shauri hukatwa na mbegu ya kiume. Yai la mwanamke daima hubeba kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) ya aina ya X. Mbegu ya mwanamume hubeba X au Y, na korodani huzitengeneza kwa mafungu yanayokaribia kulingana, kwa sababu kila seli mama inapogawanyika hutoa mbegu za X na za Y kwa idadi sawa. Ikifika ya X ni msichana, ikifika ya Y ni mvulana. Inauma kuona mwanamke anawekwa kwenye mlo mgumu kwa miezi mitatu, kisha analaumiwa akizaa "asiyetakiwa", wakati kromosomu inayoamua haimo kabisa katika mwili wake.

Watetezi wa mlo hujibu kwamba madini hubadilisha ngozi ya nje ya yai, au ute wa mlango wa kizazi, ili mbegu za aina moja zipite kwa urahisi kuliko za aina nyingine. Hapo ndipo inabidi kuzitazama figo. Sodiamu katika damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, potasiamu kati ya 3.5 na 5 hivi, na uchachu wa damu kati ya pH 7.35 na 7.45. Ukila chumvi nyingi utapata kiu, utakunywa maji, na figo zitaitoa ziada kwenye mkojo. Ukiacha maziwa, homoni ya tezi ndogo za shingoni itachota kalsiamu kwenye mifupa ili damu ibaki palepale. Kinachobadilika sana ni mkojo. Ndiyo maana wanaopima pH ya mkojo kwa karatasi za rangi huona mabadiliko na kuamini mlo umeshika, ilhali yai halikai kwenye mkojo.

Je, hakuna utafiti wowote unaouunga mkono? Upo, na ni vizuri kuutazama kwa haki. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya mlo wa kupata msichana, wenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, pamoja na kupanga siku za tendo la ndoa. Walianza na wanawake 172. Baada ya kuwachuja wote ambao hawakutimiza masharti ya mlo na ya siku walibaki 32, na asilimia 81 kati yao walizaa wasichana. Idadi hiyo ni ndogo, imechaguliwa baada ya mchujo, na haikuwekwa sambamba na kundi jingine lililogawanywa kwa kura. Matokeo ya namna hiyo yanatosha kumfanya mtafiti arudie jaribio, lakini hayatoshi kumpangia mtu mlo.

Utafiti mwingine, wa Uingereza mwaka 2008, ulisema kwamba katika wanawake 740 wenye mimba ya kwanza, waliokula nguvu (kalori) nyingi zaidi walizaa wavulana asilimia 56, na waliokula kidogo zaidi asilimia 45. Nafaka za asubuhi ndizo zilizovuma magazetini. Lakini orodha ilikuwa na vyakula zaidi ya mia moja, na ukipima vitu mia moja kwa kipimo cha kawaida cha takwimu, vitano hivi vitaonekana "vina uhusiano" kwa bahati tupu. Wanatakwimu walilisema hilo wazi mwaka uliofuata.

Siku za tendo la ndoa nazo zilipimwa. Utafiti wa mwaka 1995 uliofuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba ulionyesha kwamba mimba hutungwa ndani ya siku sita zinazoishia siku yai linapotoka, na kwamba jinsia ya mtoto haikufuata siku ya tendo. Hapo nadharia ya "mapema kwa msichana, siku yenyewe kwa mvulana" ilikosa mguu wa kusimamia.

Kwa nini basi ushuhuda ni mwingi hivyo? Kwa sababu njia yoyote, hata ya kulala ubavu wa kulia, itapatia karibu nusu ya mara. Chukua wanandoa kumi wasiofanya lolote: uwezekano wa saba au zaidi kupata jinsia wanayoitaka ni kama mara moja katika kila makundi sita. Waliopata husimulia, waliokosa hukaa kimya na kumpenda mtoto wao.

Sasa tuje kwenye gharama, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Mlo wa msichana huondoa maharage, kunde na mboga za majani, na hivyo ndivyo vyakula vyenye foleti nyingi, vitamini ambayo kwenye vidonge huitwa asidi foliki. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga siku kama 28 baada ya mimba kutungwa, yaani wakati hedhi imechelewa majuma mawili tu na wengine hawajapima. Foleti ikipungua wakati huo, hatari ya mgongo wazi inapanda. Kwa hiyo kuacha mlo siku ya kipimo hakutoshi, maana akiba ya mwili tayari imeshuka. Anayetafuta mimba anahitaji kidonge cha asidi foliki cha mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi juma la 12. Mwenye kisukari, au aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, huhitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari.

Pili, chumvi. Kwa watu wengi chumvi ya mezani ndiyo njia kuu ya kupata madini joto. Anayeifuta kabisa kwa miezi mitatu anaweza kuingia kwenye mimba akiwa na upungufu, na ubongo wa mtoto katika majuma ya mwanzo hutegemea homoni ya tezi ya shingo (thairoidi) ya mama, inayotengenezwa kwa madini joto. Mahitaji ni mikrogramu 150 kwa siku kabla ya mimba, na 250 wakati wa mimba.

Tatu, kalsiamu kupita kiasi. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ina miligramu 300 hivi. Weka glasi tatu, mtindi, jibini, kisha vidonge viwili vya miligramu 500, utaona unavyokaribia miligramu 2,500, kikomo cha siku kwa mtu mzima, wakati mahitaji ni 1,000. Dalili za kwanza ni choo kigumu na kichefuchefu, na kwa wenye mwelekeo huo, mawe ya figo. Zaidi ya hapo, kalsiamu ikimezwa pamoja na madini chuma huzuia chuma kufyonzwa. Anayetumia vyote viwili aviachanishe kwa saa mbili au zaidi. Magnesiamu ya vidonge ikizidi huleta kuhara, na mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari.

Mlo wa mvulana una hatari yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Mlo huu huipita kwa makusudi. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, au aliyewahi kupata kifafa cha mimba, asiujaribu hata juma moja. Wengine huongeza soda ya kuokea kwenye maji ya kunywa. Kijiko kimoja cha chai kina sodiamu kama miligramu 1,260, zaidi ya nusu ya kiwango cha siku nzima. Kuacha maziwa kwa miezi mitatu bila kuweka mbadala nako kunamwingiza mama kwenye mimba akiwa na deni la kalsiamu.

Kujisafisha ukeni kwa siki au soda, kunakoambatanishwa na milo hii, ni jambo la kukataliwa moja kwa moja. Huua bakteria wazuri, hufungua njia ya maambukizi, na maambukizi yakifika kwenye mirija huweza kusababisha utasa au mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Mtu anatafuta mvulana na anaweza kukosa mtoto kabisa.

Najua wapo watakaojaribu tu. Basi wafanye hivi. Kabla ya kuanza, pima presha, wingi wa damu na utendaji wa figo. Anza asidi foliki siku hiyo, na usiifute hata kama orodha ya mlo inasema vidonge vinaharibu kazi. Ukielekea upande wa msichana, punguza chumvi lakini iliyobaki iwe yenye madini joto, na usiondoe mboga za majani: weka angalau sahani moja kila siku. Ukielekea upande wa mvulana, ongeza ndizi, viazi na maharage, usiongeze chumvi, na bakiza glasi mbili za maziwa au chanzo kingine cha kalsiamu. Usipunguze uzito kwa makusudi wakati huo, kwani mwili ukikosa nguvu ya kutosha yai linaweza lisipevuke mwezi mzima. Usichelewe kutafuta mimba kwa sababu ya kalenda ya mlo, hasa ukishapita miaka 35.

Acha mara moja ukiona moyo unakwenda mbio au unaruka mapigo, misuli ikikaza, miguu ikivimba, kichwa kikiuma bila kupoa, au hedhi ikipotea na kipimo kinasema hakuna mimba.

Na kama sababu ya kutaka jinsia fulani ni ugonjwa wa kurithi unaofuata kromosomu X, kama hemofilia (damu kutoganda) au udhaifu wa misuli wa Duchenne, msitafute jikoni. Nendeni kwa mshauri wa jenetiki kabla ya mimba. Kipimo cha damu kitaonyesha kama mama anabeba jeni hiyo, na kama anabeba, viinitete vilivyotungwa maabara vinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa, palipo na huduma hiyo na sheria inaruhusu.