Swali la Shehe Kabla ya Upasuaji wa Bibi

Mwaka 2017 nilikuwa nesi wa thieta katika hospitali moja ya pwani ya Tanzania. Kazi yangu ilikuwa kusimama ubavuni mwa daktari mpasuaji, kumpa vifaa na kuhesabu vitambaa visije vikasahaulika tumboni. Wagonjwa wengi nilikutana nao wameshalala, wamefunikwa shuka za kijani, limebaki wazi tumbo peke yake. Bibi huyu nilimjua kabla ya hapo. Wodini kulikuwa na upungufu wa watu, nikapelekwa kusaidia kusafisha vidonda, na kidonda chake ndicho kilichonichukua muda kuliko vyote.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, wa ukoo wa wavuvi. Miaka ya nyuma utumbo wake ulijisokota akapasuliwa kwa dharura. Ngozi ilipona vizuri, lakini ukuta wa tumbo chini yake haukushika, ikatokea ngiri pale pale kwenye kovu. Akikohoa, uvimbe unajaa viganja viwili. Hospitali nyingine wakamrekebisha kwa kumwekea wavu wa kushikiza ukuta huo, wavu ukaingia vijidudu. Alipofika kwetu alikuwa na tundu dogo chini ya kitovu, linatoa usaha kwa zaidi ya mwaka mzima. Akimeza antibayotiki linanyauka. Dawa zikiisha, usaha unarudi. Na ngiri nayo ilikuwa imeanza kuchungulia tena pembeni.

Alikuja na mfuko wa vitambaa vyake mwenyewe. Ni kanga kuukuu alizozichana, akazifua, akazipiga pasi na kuzikunja mraba kwa mraba. Kabla ya kila swala alijisafisha na kubadilisha kitambaa, maana usaha ni najisi, na hakutaka kusimama mbele ya Mola wake na najisi nguoni. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. "Mwanangu," aliniambia, "shughuli za watu siendi tena. Nikikaa mkekani naona wenzangu wanasogea." Harufu ilikuwapo kweli. Sikumwambia kwamba haipo.

Daktari wetu hakuwa na haraka naye. Alitaka sukari ishuke kwanza, akataka Bibi ale mayai, maharage na samaki mpaka damu na nguvu zirudi, akapeleka usaha maabara ukaoteshwe ili tujue ni bakteria gani na dawa gani inawaua. Watu hudhani upasuaji ni kisu. Kwa tumbo kama lile, nusu ya kazi ilifanyika jikoni kwa mkwewe.

Wakati huo tulikuwa na ugeni wa madaktari kutoka nje. Mmoja wao alileta makasha mawili ya wavu ambao sikuwahi kuuona: mweupe, mzito, umelazwa ndani ya maji kwenye pakiti yake. Ulitengenezwa kwa ngozi ya nguruwe iliyooshwa mpaka chembe zote hai zikatoka, zikabaki nyuzi za kolajeni. Kwao Marekani kitu hicho kinauzwa kwa maelfu ya dola, na yeye alikuwa anakitoa bure. Alisema kwa moyo safi kabisa kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa kama Bibi. Ndivyo ilivyoaminika wakati ule, na si kwake tu. Wavu wa plastiki ukiuweka mahali pachafu, vijidudu vinaushika, na mwisho wake lazima utolewe. Wavu wa asili ya mnyama mishipa ya damu inaota ndani yake, mwili unaufanya wake, maambukizi hayapati pa kukaa.

Karatasi ya ridhaa iliandikwa "atawekewa wavu", basi. Daktari wetu aliisoma akaiweka mezani. "Haya maneno hayatoshi," akasema. "Twende tukamuulize."

Nilikuwapo kando ya kitanda cha Bibi. Daktari aliamkia kwanza, "Shikamoo Mama," akavuta stuli akakaa, akaeleza upasuaji wenyewe na wavu umetokana na nini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta ushungi wake mbele kidogo.

"Nguruwe?"

"Ndiyo, Mama. Ngozi yake, imeoshwa zikabaki nyuzi tu."

"Na itakaa humu siku zote?"

"Itakaa."

"Niswali nayo?"

"Hilo, Mama, mimi sina elimu ya kukujibu."

"Basi mwanangu amlete shehe."

Mgeni alipotafsiriwa alishangaa. Hakuudhika, alishangaa tu kwamba jambo hilo halikuwa limemjia. Kwenye kasha limeandikwa wazi, lakini kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo Bibi haisomi.

Shehe wa mtaani kwao alikuja baada ya alasiri, mzee mwembamba mwenye fimbo, akasalimia wodi nzima kabla hajakaa. Hakutoa hotuba. Alisema kanuni inajulikana, dharura huhalalisha kilichokatazwa, na uhai wa mtu ni mkubwa mbele ya Mungu. Ikiwa hakuna kingine, Bibi akubali wala asiwe na wasiwasi juu ya swala zake. Halafu akamgeukia daktari. "Lakini dharura ni pale njia nyingine zinapokwisha. Sasa wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Kingine hakuna?"

Daktari angeweza kusema hakuna. Angeamini anasema kweli, na pale hakuna ambaye angembishia. Akasema, "Shehe, nipe usiku wa leo."

Usiku ule nilikuwa zamu. Nilimkuta ofisini na kompyuta yake, chai imepoa. Kulikuwa na utafiti wa mwaka 2012 wa wagonjwa 80 wenye ngiri kwenye vidonda vilivyochafuka, waliowekewa huo huo wavu wa ngozi ya nguruwe. Baada ya miaka miwili, ngiri zilikuwa zimerudi kwa asilimia 28. Na mwaka 2013 madaktari wengine huko huko Marekani walitoa habari za wagonjwa 100 waliowekewa wavu wa plastiki nyepesi yenye matundu makubwa kwenye vidonda vichafu, mahali ambapo kila kitabu kilikataza, na wengi wao walikaa salama. Alinieleza akichora nyuma ya fomu ya dripu. Bakteria ana ukubwa wa mikroni moja hivi. Chembe nyeupe za damu, hizi zinazomla, ni kubwa mara kumi na zaidi. Wavu uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba una vichochoro ambamo bakteria anaingia lakini chembe nyeupe haipiti. Wavu wa uzi mmoja mmoja wenye matundu mapana hauna maficho hayo. Chembe zinapita, damu inapita, nyama inaota katikati.

Asubuhi aliyarudia mbele ya familia, na mtoto wa Bibi akaelewa kabla hajamaliza. "Unazungumzia macho ya nyavu, Dokta. Jarife la macho mapana na kimia cha dagaa havishiki kitu kimoja." Daktari akacheka, akasema hajawahi kulisikia likielezwa vizuri hivyo.

Kisha akamjibu shehe: "Kipo." Akaongeza masharti yake bila kupamba. Atatoa wavu wa zamani wote. Akikuta usaha umezama mpaka ndani ya tumbo, au utumbo ukitoboka, hataweka kitu chochote. Atafunga alivyoweza na Bibi atarudi siku nyingine. Na hata mambo yakienda vizuri, kidonda kinaweza kusumbua. Bibi akatia dole gumba.

Hapa niseme kidogo. Mwaka mmoja nyuma yake, 2016, kulikuwa kumechapishwa utafiti wa mashariki ya Uganda, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, nusu wakiwekewa wavu wa chandarua uliotakaswa wenye thamani ya dola 1 hivi badala ya ule wa kiwandani wa dola 125, na matokeo yakalingana. Sisi wa hospitali za huku tulifurahi sana na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini zile zilikuwa ngiri safi, ngozi nzima, hakuna usaha. Nimewasikia watu wakiubeba utafiti ule mpaka kwenye vidonda kama cha Bibi, na hilo linanitia hofu.

Siku ya upasuaji mgeni alinawa na kuingia pamoja nasi. Hakukubaliana na uamuzi, alilisema hilo waziwazi, na bado alishika vyuma vya kuvutia nyama tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alipolala kwa nusu kaputi, daktari alilizunguka tundu kwa kisu na kulifuata kwenda chini. Wavu wa zamani ulikuwa wa nyuzi za kusuka. Palipokuwa na usaha ulitoka wenyewe, unateleza, wa rangi ya kahawia, nyama haikuwa imeugusa. Palipokuwa hapana usaha uliganda kwenye nyama kiasi kwamba mkasi ulienda milimita kwa milimita. Nilipokea vipande kwenye bakuli. Kimoja kilikuwa kimebeba pindo la utumbo, na hapo chumba kizima kilinyamaza, ikasikika mashine ya hewa peke yake. Utumbo ulibanduka bila kutoboka.

Tukaosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, lita baada ya lita. Halafu daktari akasema, "Vua vyote." Glavu, magauni, shuka, vifaa vilivyotumika, vyote vikatoka, tukavaa upya na kufungua seti nyingine kana kwamba ni mgonjwa mwingine. Wavu mpya ulibaki kwenye kasha lake mpaka dakika ya mwisho, na niliuchukua kwa koleo ambayo haikuwa imegusa kitu. Hakuuweka chini ya ngozi kama ule wa kwanza. Aliifungua ala ya misuli ya tumbo, akatengeneza nafasi nyuma ya misuli, akafunga tabaka la nyuma ili utumbo usiuguse, akaulaza pale juu yake, penye damu nyingi, kisha misuli ikafungwa mbele yake. Mipira miwili ya kutolea maji ikatokezwa ubavuni.

Sitaki mtu afikiri ilikwenda kama maji. Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, halafu ncha ya chini ya mshono ikawa nyekundu, ikafunguka, ikatoa usaha. Nakumbuka uso wa Bibi alipouona. Daktari aliufungua zaidi, tukausafisha kila siku na kuacha nyama iote kutoka chini. Nyuma ya misuli hapakuwa na kitu. Tundu liliziba likabaki kovu, na mwaka uliofuata alipokuja kliniki akikohoa kwa kuambiwa akohoe, tumbo lilikaa pale pale. Akamwambia daktari kwamba amerudi kukaa mkekani na wenzake kwenye shughuli, na kwamba shehe anamsalimu.

Makasha mawili yalikaa kabatini mpaka muda wake ukapita.

Mwaka 2022 daktari wetu, ambaye sasa yuko hospitali nyingine, alinitumia ujumbe usiku. Huko Marekani ulikuwa umetoka utafiti wa wagonjwa 253 wenye ngiri za tumbo kwenye vidonda vilivyochafuka, waliogawanywa kwa bahati nasibu baina ya wavu wa mnyama na wavu wa plastiki. Baada ya miaka miwili ngiri zilirudi kwa asilimia 20.5 kwa waliowekewa wa mnyama, na asilimia 5.6 kwa waliowekewa plastiki. Bei ya kati ya wavu wa mnyama ilikuwa dola 21,539, ya wa plastiki dola 105. Chini yake aliandika: "Mpelekee yule mzee wa fimbo salamu zangu, kama yupo hai." Yupo. Nilizipeleka mwenyewe.

Siku hizi thieta kwetu hakuna anayewekewa wavu bila kuelezwa umetokana na nini. Ni mstari mmoja tuliouongeza kwenye fomu. Waislamu na Wasabato huuliza habari ya nguruwe. Juzi mzee mmoja wa Kihindi, Mbaniani, aliuliza kama ni ng'ombe, maana zipo zinazotokana na ng'ombe pia. Nikamwonyesha kasha, nikamsomea herufi ndogo zote mpaka ya mwisho, akasema sawa, akatia sahihi.