Wakala wa Mwanjelwa anauza kisichouzwa

Mama mdogo kanipigia kutoka Tukuyu. Binti yake kamaliza chuo, Kifaransa anakimudu vizuri, na kuna wakala pale Mwanjelwa, Mbeya, anadai milioni tatu amtafutie "nafasi ya uzamivu", yaani PhD, huku Ufaransa. Wameshaanza kuongea habari za kuuza kipande cha shamba la parachichi. Nimekasirika mpaka mikono inatetemeka.

Mwaka huu wa masomo, 2025/26, ada ya uzamivu kwenye vyuo vikuu vya umma ni euro 397. Ongeza 105 za mchango wa huduma za wanafunzi. Piga hesabu, ni kama milioni moja na nusu, tena hulipi kabla hujakubaliwa. Na safari inaanza kwa profesa aliyesoma mradi wako wa utafiti akaona anaweza kuusimamia. Hapo wakala anauza nini?

Shughuli iko kwenye kula. Tasnifu imepangiwa miaka mitatu, wengi wetu wa fasihi tunavuka. Mkataba wa kulipwa huku unaandika tasnifu upo, tangu Januari 2026 si chini ya euro 2,300 kwa mwezi kabla ya makato, ila unagombewa, na unagombea na watu wengi waliokwisha kufaulu mtihani wa kitaifa wa ushindani wa walimu, ambao sisi tusio raia wa Ulaya haturuhusiwi hata kuufanya. Mkataba huo mimi niliukosa. Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 964 za kazi kwa mwaka. Zangu zinaishia kuosha vyombo hotelini, na pango la chumba linazimeza karibu zote. Bila ufadhili, mdogo wangu, usije.

Ila nisihurumiwe. Naandika juu ya fasihi ya Komoro kwa Kifaransa, kuanzia riwaya ya kwanza, ya Mohamed Toihiri, ya mwaka 1985. Kikomoro kinachopumua chini ya Kifaransa kile ni ndugu wa Kiswahili, na kwenye semina, wahusika wakianza kusemezana, macho yote yananigeukia mimi, mtu wa Rungwe niliyeiona bahari nikiwa mkubwa. Siku hiyo hata vyombo navisahau.

Mama mdogo nimemwambia shamba lisiguswe. Binti aandike mradi wake, kurasa chache tu, kisha atafute profesa anayefanya kazi kwenye mada hiyohiyo, mapema kabla mashindano ya mikataba hayajafunguliwa. Akishaandika anitumie mimi kwanza, nitazisoma usiku huohuo.