Macleod wa Lancaster House kumbe alikuja kuwa mhariri

Jamani leo staff room nimecheka peke yangu. Nilikuwa naandaa somo la uhuru la fomu foo, natafuta habari za Iain Macleod, yule waziri wa makoloni wa Uingereza aliyeongoza mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, London, 1960, na Machi 1961 akaja Dar kukaa na Mwalimu Nyerere ukumbi wa Karimjee.

Kumbe mwisho wa 1963 jamaa akawa mhariri wa The Spectator!

Gazeti la kila wiki la tangu 1828, la mrengo wa kulia. Na ubunge hakuachia. Kwao kawaida tu, hata Boris Johnson alilihariri huku yuko bungeni.

Sasa nimesoma makala yake ya Januari 1964, anawaanika wenzake wa chama cha Conservative walivyompitisha Alec Douglas-Home kuwa waziri mkuu, hakuna kura wala nini, Butler, waziri mwenzao aliyetarajiwa na wengi, akaachwa kwenye mataa.

Anataja wakubwa tisa kwenye sentensi moja, halafu anaongeza, kavu kabisa: wanane kati ya hao tisa wamesoma Eton (ile shule ya vigogo huko kwao).

Basi. Hatukani mtu, anataja shule tu!

Chama kilimnunia vibaya mno. Na yeye alishagoma kuingia baraza la Home, so hasira zilikuwepo, tusimpake mafuta sana.

Nyie mnaonaje, mwanasiasa kuhariri gazeti na kadi ya chama mfukoni, ni sawa?

Na sisi tukihesabu shule za wakubwa wetu itakuwaje? Tabora Boys msianze 😂