Nilivyoufufua wembe wa kukunja wa Solingen

Wembe wenyewe una upana wa inchi 5/8, karibu milimita 16, na shinani umepigwa muhuri wa "Solingen", mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, na "Germany". Neno hilo la pili husaidia kukisia umri: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka, hivyo nyembe nyingi zenye muhuri huo ni za baada yake.

Kabla ya kushika msasa nilikagua makali kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kutu ya juu juu si tatizo. Vishimo vilivyofika ukingoni ndivyo vinavyoua wembe, maana kila ukinoa makali yanamomonyoka palepale. Ukiona ufa, hata wa nusu milimita, uweke kando.

Kutu ya wembe huu ilikuwa imekaa ile sehemu tu inayolala ndani ya mpini. Hiyo ni dalili ya mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani) uliooza: ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilicho jirani. Haina dawa, ni kuutoa. Usiuhifadhi droo moja na nyembe nyingine, wala karibu na moto, maana seluloidi huwaka kwa kasi ya kutisha. Nilisaga vichwa vya ribiti (pini zinazoshikilia mpini) kwa tupa ndogo, nikazisukuma nje kwa msumari uliokatwa ncha.

Mashine ya kung'arishia sikuigusa. Chuma hiki kilichomwa, kikazamishwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa nyuzi kama 200 za Selsiasi. Kikipata joto zaidi ya hapo kinalainika. Ukingo ni mwembamba mno, joto halina pa kukimbilia. Ukiona rangi ya bluu, umeshachelewa.

Nililaza wembe kwenye kipande cha ubao, makali nimeyafunika kwa tepu, nikaanza na msasa wa maji namba 400 uliolowa mafuta ya taa. Chini ya msasa niliweka kizibo cha gome laini, kwa sababu kinafuata mbonyeo wa ubavu. Kidole kinachimba mabonde. Baadaye 600, 800, 1000 na 2000; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Kila namba mpya niliisugua kwa mwelekeo tofauti na iliyotangulia: mikwaruzo ya zamani ikiwa bado inaonekana, hujamaliza. Namba 400 ilikula saa nyingi kuliko nyingine zote kwa pamoja, na anayeiharakisha huja kuiona aibu yake kwenye 2000. Muhuri niliuzunguka. Brasso, dawa ya kung'arishia chuma, ilifunga kazi, ila wembe wenye nakshi ya dhahabu usiupake, inafutika.

Mpini mpya niliuchonga kwa mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha. Mbavu mbili za milimita 3 nilizigandisha kwa tepu ya pande mbili, nikazikata na kuzitoboa pamoja kwa keekee ya milimita 1.6 ili matundu yalingane. Mkiani huingia kabari inayopungua unene kuelekea mwisho. Isipokaa sawa, wembe ukifungwa unagonga ubavu mmoja.

Ribiti ni waya wa shaba ya manjano wa milimita 1.6, uliobakizwa chini kidogo ya milimita 1 juu ya washa (kipete bapa cha chuma) kila upande. Hapa ndipo wengi huharibu. Piga kwa nyundo nyepesi, vipigo vidogo vingi kuzunguka kingo za kichwa, ukigeuza upande kila baada ya vichache. Ukipiga kwa nguvu waya unapinda ndani na mpingo unapasuka. Jaribu kukunja mara kwa mara: kukaza zaidi ni rahisi, kulegeza ni kukata na kuanza upya.

Kunoa nilianza na kinoo namba 1000 kilichosawazishwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Mgongo na makali vyote vilale kwenye jiwe, bila kukandamiza, na wembe ugeuzwe kwa kupitia mgongo. Nilipaka makali wino wa maka peni. Ulipofutika wote kutoka kisigino hadi ncha, nikahamia 4000, kisha 8000. Ukihama mapema, mawe ya juu yatang'arisha tu, hayatanyoa. Mwisho ni kupitisha makali kwenye ukanda wa kulainishia: mara 20 kwenye turubai, 50 kwenye ngozi, mgongo ukitangulia.

Vishimo vitatu vyeusi karibu na mgongo niliviacha, havigusi ngozi ya mtu. Huu ni wembe wa mtu mmoja, si wa saluni: hauwezi kutupwa baada ya kila mteja, na damu haina mchezo. Kwa unyevu wa pwani, nikimaliza kunyoa naukausha, kisha tone moja la mafuta ya cherehani.