Siku moja maishani mwangu: meza ya vihisi vya oksijeni

Saa 2 asubuhi. Anayesikia kazi ya kupima oksijeni kwa rangi zinazong'aa hudhani ni maonyesho ya taa. Kumbe siku nzima ni mipira ya gesi, viungio na kusubiri namba itulie.

Saa 2 na nusu. Miligramu 1 ya PtTFPP (rangi yenyewe inayong'aa: porfirini yenye platinamu katikati), miligramu 100 za plastiki ya polistireni, mililita 1 ya tolueni ya kuiyeyushia, vyote ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Rojo likilainika, linatandazwa juu ya karatasi ya poliesta kwa kisu kilichoachiwa nafasi ya mikroni 75. Tolueni ikishapaa unabaki utando wa mikroni kama 7. Usiuharakishe kwa joto, utajaa mapovu.

Saa 4. Utando wa jana uko tayari. Ukiumulika kwa mwanga wa kijani, molekuli ya rangi inaamka na kurudisha mwanga mwekundu, karibu nanomita 650. Pasipo oksijeni mng'ao hudumu maikrosekunde 60 hivi. Oksijeni ikiigusa molekuli kabla haijang'aa, inaipokonya ile nishati. Ndiyo maana hewani muda hushuka hadi kama 20. Rangi zenye metali ya paladi hukaa macho karibu milisekunde 1, kwa hiyo ndizo za kuwindia oksijeni chache sana. Zenye metali ya rutheni hudumu maikrosekunde chache tu.

Ukali wa mwanga siupimi. Faiba (uzi unaopitisha mwanga) ikipinda au rangi ikichujuka, ukali hubadilika na oksijeni iko palepale. Taa ya LED inapepeswa mara 5,000 kwa sekunde, na kinachosomwa ni digrii (za mzunguko wa wimbi, si za joto) ambazo wimbi jekundu limechelewa nyuma ya lile la kijani. Oksijeni ikipungua, mng'ao hudumu zaidi na digrii hupanda.

Saa 5: sifuri, yaani namba ya pasipo oksijeni. Hapa ndipo siku inapoliwa. Kwenye nitrojeni safi kihisi hiki kinapaswa kusoma digrii 62.1. Kimesimama 61.1, hakisogei. Digrii moja! Lakini huku chini digrii moja ni oksijeni ya asilimia 0.4 hivi, na anayepima maji yaliyokaribia kuishiwa oksijeni hawezi kuivumilia.

Wa kulaumiwa ni wawili: utando au gesi. Usianze kufungua viungio ovyo. Mtiririko ulikuwa mililita 50 kwa dakika. Ongeza hadi 100 na usubiri. Kama kosa ni la utando, namba haitajali. Imepanda hadi 61.6. Kosa limepungua nusu, basi kuna hewa inayoingia kwa kasi ileile huku nitrojeni ikiizimua. Maji ya sabuni kwenye kila kiungio: hakuna povu hata moja. Hakuna tundu, ila kuna mita 2 za mpira wa silikoni. Silikoni haivuji kwa macho, lakini oksijeni hupenya ukuta wake kutwa nzima, hata kama ndani kuna shinikizo kubwa kuliko nje. Weka bomba la chuma cha pua, suuza kwa gesi tena, kaa. 61.8. 62.0. Saa ya ukutani siitazami tena.

62.1.

Chakula kimepoa. Kwa vihisi vya majini, sifuri ni sodiamu salfaiti mbichi yenye chembe ya chumvi ya kobalti ya kuharakisha. Suuza sana baadaye, maana mabaki yake yanaendelea kula oksijeni na kuiharibu nukta ya hewa, yaani kipimo cha pili cha kukirekebisha kihisi.

Hiyo nukta ya hewa nayo ina mtego. Katika joto la nyuzi 25, usawa wa bahari, hewa iliyoshiba unyevu ina shinikizo la kilopaskali 3.2 za mvuke wa maji, hivyo oksijeni yake ni kilopaskali 20.6 hivi, si 21.2 za hewa kavu. Barometa isomwe leo, isikumbukwe. Joto nalo lishikwe sawasawa, kwa sababu likipanda, mng'ao unafupika na mashine inadhani oksijeni imeongezeka.

Jioni. Mteja ameleta kihisi kilichofutwa kwa asetoni "kitakate". Kimetakata kweli: polistireni imelainika na kufutika pamoja na rangi yake. Anauliza kama kalibresheni mpya, yaani kukipimia upya sifuri na hewa, itakiponya. Kalibresheni ya nini? Kilichobaki ni kioo kitupu, na utando wa asubuhi bado haujakauka.