Sensa ya joto la injini iliyosema kweli asubuhi, ikadanganya mchana

Foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, mwezi wa Februari, saa tisa mchana. Gari lasonga hatua mbili, lasimama. Nikasikia harufu tamu ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, na nilipofungua boneti, kitangi cha akiba kilikuwa kikitokota kama sufuria ya mihogo. Nikatazama simu, ambayo nimeiunganisha na kidude cha kusoma kompyuta ya gari: digrii 84. Taa ya injini haikuwaka, kodi ya hitilafu kwenye kompyuta hakuna.

Gari ni Subaru Impreza. Nimelifunga tabo (turbo, kisukuma hewa injini) kubwa zaidi, bomba pana la ekzosi, na programu ya injini imepangwa upya. Basi kila fundi akiona hayo ashapata jibu. Mmoja kule Kisauni hata hakuinama. "Yakhe, hiyo gasketi ya hedi ishakwenda. Tushushe injini."

Gasketi hiyo ndiyo inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Huenda ikawa imekwenda, lakini injini haishushwi kwa kukisia. Mimi nilikuwa nimeona jambo moja: nikivuka daraja la Nyali kuelekea Bamburi, upepo ukipita kwenye rejeta, joto lashuka lenyewe. Linapanda gari likisimama tu. Gasketi iliyokufa ingezidisha joto kila nikikanyaga, na ingetoa mapovu kwenye rejeta. Hapa palinukia feni za rejeta, zinazovuta upepo gari likisimama. Nikazitia moto wa betri moja kwa moja, zote mbili zikazunguka kwa nguvu. Kumbe feni ni nzima, amri ndiyo haifiki. Kompyuta huziwasha ikiona 95 hivi, nayo imeshikilia 84.

Nikanunua sensa mpya ya joto la maji. Hali ile ile, na pesa zishakwenda.

Kilichonipoteza zaidi ni kipimo cha asubuhi. Gari limelala usiku kucha, kabla ya kuliwasha, maji yasoma 28 na hewa 29. Vinakaribiana. Nikasema sensa na waya wake ni vizima, tutafute kwengine. Nikapoteza wiki nzima nikibadilisha themostati na kifuniko cha rejeta.

Mwisho nikaazima kipimajoto cha mwanga kwa jirani anayetengeneza friji. Nikabandika utepe mweusi kwenye bomba karibu na sensa, maana alumini inayong'aa hukipotosha. 102! Simu bado 84.

Hapo ndipo nikachukua mita nikapima plagi ya waya wa sensa yenyewe. Pini moja ilikuwa na kutu ya kijani, na ukinzani wa umeme wa kama ohmu 120 ambao haukupaswa kuwapo. Sensa hii hupungua ukinzani kadiri joto linavyopanda. Ikiwa baridi ina ohmu zaidi ya 1,500, kwa hivyo ukiongeza 120 hesabu haitikisiki sana. Ikichemka hubaki na chini ya 200, na hapo 120 zile zinaifanya kompyuta iamini joto la injini liko chini ya lilivyo kweli kwa karibu digrii ishirini. Kodi nayo haitoki, maana 84 ni namba ya kawaida kabisa.

Kosa ni langu. Nilipofunga tabo niliirudisha plagi bila ule mpira wake wa kuzuia maji, kisha nikawa naosha injini kwa mpira wa bomba. Hewa ya bahari ikamalizia. Nikakata plagi, nikafunga nyingine, nikaipaka grisi ya umeme. Nikamwaga pia maji yote ya rejeta. Kuna aliyeniongezea maji ya kisima, na maji ya visima vya huku yana chumvi, mtu hata chai hapikii, sembuse kuyatia kwenye alumini.

Siku hizi foleni ya Likoni feni zawaka zenyewe, na maji hayapiti 97. Bado intakula, kile kipoza hewa ya tabo, iko juu ya injini, inapata moto kama kikaango kila tukisimama. Nikishuka feri upande wa pili simkanyagii mtu hadi nifike Ng'ombeni na hewa ipite vizuri. Vijana wa Probox hunipita wakicheka.